Uyoga wa Kifuani

Jumapili, Aprili 1954. Mvua ya mawe ilinyesha saa nane, sasa imekatika, lakini mbingu bado zinanung'unika upande wa Nyamira kama mtu aliyenyimwa chakula.

Siwezi kutulia. Nimekaa kwenye kigoda, nimesimama, nimekwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote, nimerudi. Ng'ombe ameniangalia kama mtu anayeuliza, sasa wewe unataka nini?

Daftari langu, umeshazoea majivuno yangu. Kurasa zako za mwanzo zinasema mimi ndiye Momanyi, kijana pekee wa darasa la saba mwenye suruali ndefu ya kaki, niliyekula pweza Mombasa na kumfundisha Mhindi wa Kisumu kuendesha mashine ya unga. Leo nitajiharibia jina kwa mkono wangu mwenyewe. Ninakuandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayekisoma. Mama akikufungua anadhani ni masomo, anakufunga kwa heshima.

Kwanza: Mombasa sijafika. Nilitoroka shule nikafika Kisumu, nikabeba magunia ya mahindi miezi mitano, nikarudi na suruali na kikohozi. Pweza nilimwona kwenye picha.

Pili ni hili neno uyoga. Hili ndilo limenileta hapa.

Mwaka jana mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Pwani, alitupa insha: jambo linalonisumbua. Mimi nikaona leo nitaandika ukweli, maana daftari la shule halisomwi na wazazi. Nikaandika hivi: "Siku ya mtihani ninashikwa na uyoga mwingi kifuani, mpaka pumzi inakwama na vidole vinakufa ganzi."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Akaisoma mbele ya darasa zima. "Momanyi, ukichuma huo uyoga utuite, sisi tutaleta chumvi!"

Darasa likapasuka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikasema niliandika makusudi, huko Mombasa watu husema hivyo. Uongo. Nilikuwa nimekusudia uoga. Nilidhani neno ndilo hilo. Herufi moja tu, na mimi nilikuwa nimejitangaza bingwa wa Kiswahili kutoka Kisii mpaka Sotik.

Baada ya kengele Nyakundi akanifuata nyuma ya vyoo. Nyakundi ndiye wa kwanza darasani, mtoto wa jirani yetu, tulitahiriwa siku moja. Nikamngoja anicheke.

"Mura," akasema, yaani kijana, "huo uyoga wako. Huwa unaota siku ya mtihani peke yake, au hata siku isiyo na kitu?"

Nikamtazama. Hakuwa anacheka.

"Hata siku isiyo na kitu," nikasema.

"Hata mimi ninao."

Siku ya pili tulikuwa wanne. Akaja Mosoti, ambaye husema maneno mawili kwa wiki, na siku hiyo alitumia moja: "Ninao." Akaja Juma, mtoto wa muuza nguo pale mjini, Mwislamu, aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni. Juma akaniambia polepole, "Mimi nilijua umekosea. Lakini neno ni zuri, liache hivyo hivyo."

Na kweli ni zuri. Uyoga haupandwi na mtu. Jana umefagia uwanja, leo unaukuta umesimama palepale na kofia yake, kama mgeni asiyepiga hodi. Hiyo hofu yetu ni hivyo. Unakula ndizi zako kwa amani, ghafla moyo unapiga kama unafukuzwa, unatoka jasho la baridi, unaona kabisa kwamba sasa unakufa. Halafu hufi. Unabaki na aibu na ndizi iliyopoa.

Tukafanya utaratibu, kama ule wa egesangio, majirani wanapolimiana mashamba kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Mmoja akishikwa, yeyote aliye karibu anaacha shughuli yake. Anamtoa pembeni. Anamshika kifundo cha mkono. Kisha anamdanganya.

Ndiyo, anamdanganya. Hiyo dawa niliigundua mimi, na kwa hilo najisifu mpaka kesho. Siku moja Nyakundi alikuwa amekwama pumzi chini ya mti wa mkaratusi, mimi sikuwa na la kufanya, nikaanza tu kusimulia. Nikamwambia Mombasa nilimwona samaki aliyevaa viatu. Kimya. Nikasema viatu vyenyewe vilikuwa vya askari, vya kamba. Kimya. Nikasema samaki akaniuliza njia ya kwenda Birongo sokoni. Nyakundi akatoa sauti: "Uongo!" Na ili kusema uongo kwa nguvu, lazima mtu avute pumzi. Pumzi ikarudi.

Tangu hapo, ndiyo sheria. Unadanganya mpaka mwenzako aseme uongo. Mosoti mwenyewe, asiyesema, alinidanganya mara moja kwamba ana ndugu pacha. Nilichukua dakika tano kuamini na dakika tano kukataa, na uyoga ukaisha wenyewe.

Mtu mwingine hakujua. Tungemwambia nani? Kumwambia baba haiwezekani, ile heshima yetu ya chinsoni inamtenga baba na mwana kama ukuta wa mawe; mambo ya mwili na ya moyo hayavuki. Na sisi tumeshatahiriwa, ni wanaume. Mwanaume akitetemeka mbele ya watu ataitwa omoisia, yaani kitoto ambacho hakijaguswa na kisu, na hilo jina likikushika halitoki kwa sabuni. Kwa hiyo mbele ya wakubwa tulitumia Kiswahili: "Leo Juma ana uyoga." "Uyoga wa Momanyi umeota tena." Wakubwa walidhani ni mchezo wa shule.

Tulisahau kwamba babake Nyakundi alikaa Kericho kwenye chai miaka saba, na kule Kiswahili ndiyo lugha ya mnyapara.

Sasa nakuja Ijumaa. Mkono wangu hautaki.

Asubuhi ile tulikuwa na hesabu za kichwa, mwalimu anataja, wewe unasimama unajibu. Nyakundi alisimama, akajua jibu, mdomo ukakataa. Juma hakuja shule siku hiyo; mimi na Mosoti tukamtoa nje, tukamdanganya kwa zamu, hakupona vizuri. Mchana akashikwa tena. Tukaamua kumpeleka nyumbani kwao. Tulipofika kwenye ua Mosoti, ambaye hupaza sauti mara moja kwa mwaka, akachagua siku hiyo. Akaniita kutoka nyuma: "Momanyi, mkalishe chini! Uyoga umemshika tangu asubuhi, utamwangusha!"

Babake alikuwa ndani anakunywa uji. Akatoka na kibuyu mkononi.

Alichokiona ni mtoto wake wa kwanza, mweupe kama majivu, jasho linamwagika, mkono kifuani, anatafuta hewa. Alichokisikia ni uyoga.

Na Alhamisi jioni nyumba ile ilikuwa imekula uyoga. Aliuleta Kerubo.

Kerubo ni jirani yao na jirani yetu, mjane, ana watoto wawili wadogo. Sisi vijana tunamwita "baba", maana kwa Kikisii baba ndiye mama, na baba mzazi ni tata, jambo lililomfanya mwalimu wa Pwani kuuliza siku moja kama huku wanaume wananyonyesha. Kerubo ana kichuguu nyuma ya nyumba yake ambacho mvua zikianza kinatoa uyoga mtamu kama kuku. Kila mwaka anagawa. Anagawa hata kwa babake Nyakundi, ambaye anamdai mpaka wa shamba tangu mume wake alipokufa.

Mzee akamwuliza mtoto, "Ulikula uyoga?"

Nyakundi akatikisa kichwa kukubali. Si alikula? Wote walikula. Na hakuwa na pumzi ya kueleza zaidi.

Basi ikawa mbio. Wakamnywesha maji ya majivu na samli mpaka akatapika. Mamake akalia. Mzee akasimama katikati ya uwanja akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya kijito: "Ule wa sumu aliuweka kwa ajili ya mzaliwa wa kwanza! Anataka kunimalizia nyumba!"

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mimi, mwenye maneno. Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Nikajiambia moyoni kwamba kesho Nyakundi ataeleza mwenyewe.

Jana, Sabato, kanisani kule kilimani, Kerubo aliingia na watoto wake akakaa kwenye benchi la watu wanane. Walikaa watatu mpaka mwisho wa ibada. Watu walisimama pembeni, wanawake wenye watoto mgongoni walisimama, na benchi lina nafasi. Mtoto wake mdogo alikuwa anafurahia, amelala kwa urefu, anacheza na miguu. Kerubo alikuwa anaimba, kitabu cha nyimbo kikiwa juu chini mikononi mwake.

Habari zilikuwa zimeshafika kila mahali. Wazee wa ukoo wangekaa leo asubuhi. Na ikisemwa kwamba ametia sumu, kinachofuata kila mtu anakijua: atabeba watoto na sufuria arudi alikozaliwa, ikiwa bahati yake ni nzuri. Ikiwa mbaya, vijana watamtangulia na moto kwenye nyasi za paa.

Baada ya ibada nilimvizia Nyakundi kwenye chemchemi. Macho yalikuwa yamevimba kwa kutapika.

"Mura, sema," nikamwambia. "Mwambie mzee ni ule uyoga wetu, si ule wa Kerubo."

"Nimwambie nini? Kwamba ni uoga? Wewe unakumbuka nilivyosimama mbele ya kisu. Sikupepesa hata ukope. Tata anasimulia hiyo habari mpaka Nyakoe. Sasa nimwambie mtoto wake anatetemeka kwa ajili ya saba mara nane?"

"Na Kerubo?"

Akachota maji, akayamwaga, akachota tena.

"Wewe ndiye fundi wa uongo," akasema. "Tafuta uongo."

Nikautafuta. Niamini, daftari, niliutafuta jana mchana kutwa. Mtu aliyewahi kumvisha samaki viatu hakosi uongo. Niseme ni malaria? Malaria haiishi kwa saa moja. Niseme alikula kitu njiani? Watauliza alipewa na nani, na huyo naye atakaliwa baraza. Kila uongo niliokamata ulikuwa na mtu chini yake.

Halafu nikiwa kwenye migomba yetu, mchana mweupe, nikashikwa mimi. Vibaya. Nilishika mgomba kama mtu anayesukumwa na mto. Hakukuwa na mtu wa kunidanganya. Nikajaribu kujidanganya mwenyewe, lakini uongo wako mwenyewe unaujua.

Leo asubuhi wazee walikaa kwenye uwanja wa babake Nyakundi. Watano, kwenye vigoda, fimbo katikati ya magoti. Kerubo aliwekwa chini, upande wa jua. Alikuwa amevaa lile gauni lake la kanisani, sijui kwa nini hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Vijana walikuwa wengi kwenye ua, wengine wa mbali kabisa, na sikuipenda furaha yao.

Nilikuja na mpango. Ningechekesha. Ningesema ni kosa la Kiswahili, herufi moja, wazee wangecheka, tungekwenda nyumbani.

Nikaomba ruhusa. Mzee mkubwa akasema, "Huyu ni yule wa Mombasa? Aseme."

Nikasema. Nikaeleza insha, nikaeleza uyoga na uoga. Nilitia madoido. Hakuna aliyecheka. Kikisii hakina mchezo huo wa herufi, nilikuwa nachekesha kwa lugha ambayo watu hawakuwa nayo.

Babake Nyakundi akasimama. "Kijana, nimekaa Kericho, Kiswahili nakijua kabla hujanyolewa nywele za tumboni kwa mama yako. Unaniambia mwanangu ni mwoga? Huyu aliyesimama mbele ya kisu? Uoga humfanya mtu akimbie. Haumtoi jasho amekaa! Haumfungi pumzi! Ile ni sumu, niliiona kwa macho yangu."

"Tata, si ya kisu," nikasema. "Ni nyingine. Inakuja bila sababu. Hata mimi..."

Na hapo ikaja.

Nilisikia vidole vinaondoka kimoja kimoja. Moyo ukaruka ukuta. Wazee watano wakawa mbali, kama watu wanaoonekana kutoka kilima cha Nyanchwa. Nikataka kumaliza sentensi, hewa ikagoma. Jasho likaanza kuniingia machoni. Nikashika kifua. Mimi, Momanyi, katikati ya uwanja, mbele ya kila kijana niliyewahi kumringia, nikapiga magoti kwenye kinyesi cha mbuzi na ile suruali ya kaki.

Kwenye ua mtu akasema, "Omoisia!" Wakacheka.

Sikuweza hata kumwangalia.

Kisha mkono ukanishika kifundo. Nilijua ni wa Nyakundi kwa ule ukucha wake uliovunjika. Alikuwa ametoka ndani ya nyumba. Akachuchumaa mbele yangu, mbele ya babake, na akaanza kunidanganya. Nyakundi hajui kudanganya, ni mtoto wa hesabu. Akasema amewahi kuoa. Akasema ameoa mara mbili, na wote wawili ni walimu wa jiografia. Akasema mmoja ana ndevu.

"Uongo," nikasema. Haikutoka vizuri. Nikairudia.

Mzee mkubwa aliinuka, akaja mpaka nilipo, akaniinamia kama mtu anayetazama jino la ng'ombe. Akanigusa paji la uso, akautazama unyevu kwenye kidole chake.

"Huyu naye alikula kwa Kerubo?"

"Hapana," mama yangu akajibu kutoka kwenye ua. "Kwangu alikula wimbi na mboga. Na hii..." Akapenya mbele ya vijana. "Hii nilishaiona kwake. Nilidhani haoni kwamba naona."

Mzee akamgeukia Nyakundi. "Yako ya Ijumaa ilikuwa hii?"

Nyakundi hakumtazama babake.

"Ilikuwa hii, sokoro," akasema, yaani babu. "Si uyoga wa mtu. Tunayo wote."

Na kutoka nyuma, karibu na ghala, Mosoti akasema, "Hata mimi."

Babake Nyakundi alimtazama mtoto wake kwa muda mrefu. Nilidhani atampiga. Akavaa kofia yake, akaivua, akaingia ndani ya nyumba akafunga mlango taratibu, kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Sijui hicho kilikuwa nini. Nyakundi naye hajui. Hajaniambia kama wamezungumza.

Mzee mkubwa akamwambia Kerubo, "Mama, nenda kwenye shamba lako. Neno limeisha."

Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyemwomba radhi. Vijana wa kwenye ua wakatawanyika polepole, kama watu waliokosa ng'ombe wa kuchinja.

Mimi nilikuwa najiona shujaa kidogo, sikufichi. Magoti yamechafuka, lakini nilikuwa naanza kutengeneza namna ya kusimulia. Kerubo akainuka, akakung'uta gauni, akawashika watoto wake mmoja kila mkono. Alipofika karibu nami akasimama. Nikasubiri anibariki.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu Ijumaa, baba."

"Ijumaa wakati gani?"

"Pale pale."

Akahesabu. Nilimwona anahesabu: Ijumaa jioni, Sabato kutwa, lile benchi, usiku wa kuamkia leo.

"Usiku wa jana sikuvua nguo," akasema. "Niliwalaza watoto na viatu, ili tukisikia moto tukimbie. Hawa wana viatu jozi moja, kila mmoja alivaa kimoja. Ninyi wanaume watatu mlikuwa mnangoja nini?"

Nikafungua mdomo. Kwa kawaida mimi nikifungua mdomo kitu hutoka.

Akaondoka.

Kwa hiyo hapa nilipo, sikai, sisimami. Nyakundi amepita kuniambia kwamba kuanzia sasa yeyote mwenye hiyo hofu aje kwetu waziwazi, na kwamba kuna mtoto wa darasa la nne ameshamfuata kumwuliza. Ni jambo jema. Juma tutamweleza kesho. Wale wa kwenye ua nao watakuwa wananingoja njia panda na jina lao, waniite mpaka wachoke. Magoti yangu yameshaonwa, hakuna kipya.

Yote hayo nayaweza. Ila lile swali.

Ningeweza kusema tuliogopa, na ingekuwa kweli, na isingetosha. Yeye naye aliogopa, na hakuna aliyemshika mkono.

Kesho kabla ya shule nitapita kwa Kerubo. Atakuwa anakamua saa hizo. Sijui nitasema nini nikifika mlangoni. Nimeandika sentensi saba hapa chini na nimezifuta zote, maana kila moja ilikuwa na utani ndani yake.

Nitakwenda bila sentensi.